Kuala Kangsar: kibuyu cheusi nimekinunua, maua ya kuchapwa nimeyaacha

Kama unapita Perak na begi lako lina nafasi ya kitu kimoja tu, chukua labu sayong, chombo cheusi cha udongo cha kuwekea maji. Ukiwa na fedha zaidi na subira ya kutosha, agiza kipande cha tekat, darizi ya uzi wa dhahabu, kilichoshonwa kwa mkono. Vikombe, sumaku za friji na mifuko ya kitambaa iliyochapwa ua la haibiskasi, viache vilipo. Huo ndio uamuzi wangu juu ya kazi za mikono zinazouzwa Kuala Kangsar, mji wa kifalme wa jimbo la Perak, kaskazini mwa Malaysia.

Mimi ni mshonaji. Nimekulia Unguja nikishona kofia za mkono kwa oda, na sasa naishi Seri Iskandar, humu humu Perak, ambako mume wangu anasoma. Nikiingia dukani, kitu cha kwanza ninachofanya ni kugeuza kitambaa nione mgongo wake. Mbele kila kazi inapendeza. Nyuma ndiko fundi anakojulikana. Basi tathmini hii ni ya mtu wa sindano, na nitakaa zaidi kwenye nyuzi kuliko kwenye vyakula au hoteli.

Kwanza mji wenyewe. Kuala Kangsar uko kando ya Mto Perak, na Sultani wa Perak ana kasri lake hapo, Istana Iskandariah, lililokamilika 1933 juu ya kilima cha Bukit Chandan. Huingii ndani, unalitazama kutoka nje ya geti. Karibu yake kuna Msikiti wa Ubudiah, kazi ya msanifu Arthur Benison Hubback, uliokamilika 1917, wenye kuba za rangi ya dhahabu zinazoonekana kutoka mbali. Watalii wengi hupiga picha msikitini, wanakula, wanaondoka. Nawashauri wasiishie hapo. Kitu kinachoutambulisha mji huu kimewekwa chini zaidi ya kuba, kwenye kuta, mitungi na mito ya harusi, na karibu chote ni mimea.

Anza na Istana Kenangan, kwa sababu hiyo itakufundisha macho kabla hujatoa pochi. Ni kasri la mbao lililojengwa 1926, na sultani alikaa humo mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakati Iskandariah inajengwa. Limejengwa bila msumari hata mmoja. Mbao zimeungwa kwa kuingizana. Baadaye likafanywa Makumbusho ya Kifalme ya Perak. Mimi kilichonisimamisha ni kuta. Zimesukwa kwa mianzi iliyopasuliwa ikawa membamba, mtindo unaoitwa kelarai, na msuko unatoa vipembe vya almasi vya rangi tatu: nyeupe, njano na nyeusi. Hizo hizo ndizo rangi za bendera ya Perak: nyeupe ya Sultani, njano ya Raja Muda ambaye ni mrithi wake, nyeusi ya Raja di-Hilir, anayemfuata mrithi huyo kwa cheo. Cheo cha ukoo mzima kimesukwa ndani ya ukuta kwa mmea unaoota pembeni ya mto. Hakuna aliyepaka picha ya mwanzi juu ya mbao. Mwanzi wenyewe ndio umebeba ujumbe. Nilizunguka nyumba ile polepole, nikifuata msuko mmoja kutoka pembe hadi pembe, na sikuona mahali fundi alipochoka.

Ukishaziona kuta hizo, rafu za madukani zitakusomekea kwa urahisi. Utaanza kutenganisha vitu ambavyo mmea umeingia katika kazi yenyewe na vitu ambavyo ua limebandikwa juu.

Sasa labu sayong. Sayong ni kijiji kilicho ng'ambo ya mto, unavuka daraja tu. Wafinyanzi wa huko wanatengeneza chombo cha maji cha udongo chenye umbo la kibuyu kamili: tumbo la mviringo, kiuno, kitumbo kidogo cha juu, halafu shingo na kifuniko. Rangi yake ni nyeusi ya kung'aa, na weusi huo si rangi ya kupaka. Chombo kikishachomwa hutolewa kingali moto na kufukiwa ndani ya kumvi za mpunga. Kumvi zinaungua bila hewa ya kutosha, zinatoa moshi mzito, na masizi yanaingia kwenye vinyweleo vya udongo. Kwa hiyo mimea miwili iko hapo kabla fundi hajachora chochote: kibuyu kimetoa umbo, mpunga umetoa rangi. Mng'ao unatokana na kusuguliwa kwa jiwe laini kabla ya kuchomwa.

Juu ya tumbo utaona safu za nakshi zilizogandamizwa au kukwaruzwa: vijiua, majani, na vipembetatu vilivyosimama kama meno, ambavyo ni chipukizi la mwanzi. Kwa Kimalay vinaitwa pucuk rebung, na utavikuta tena kwenye upande wa mbele wa saruni, kwenye songket, yaani kitambaa kinachofumwa kwa uzi wa dhahabu, na kwenye mbao za majumba. Wamalay husema mwanzi hupindwa ungali chipukizi. Sishangai wafalme walipenda alama hiyo kwenye nguo za watoto wao.

Labu nililonunua ni la ukubwa wa kati, nililipa ringgit 35. Kazi yake inafanya kweli. Udongo unapitisha unyevu kidogo kidogo hadi nje, unyevu ukikauka unachukua joto, na maji yanabaki baridi ya kiasi, ile baridi isiyouma meno. Mezani kwetu Seri Iskandar, ambako mchana joto halina huruma, limechukua nafasi ya chupa za friji. Muuzaji alinielekeza nilijaze maji, niyamwage, nilijaze tena, hadi harufu ya udongo ipungue. Fanya hivyo, usiwe na haraka ya kunywa.

Kuna jambo la kuangalia. Labu mengi siku hizi yanamiminwa kwenye kalibu za plasta, hayafinyangwi kwa mkono. Sio udanganyifu, na bei yake ni nafuu kwa sababu hiyo. Lakini kama unataka la mkono, pitisha vidole ndani ya shingo na ubavuni: la kalibu lina unene uliolingana kila mahali na mara nyingi utahisi mstari mwembamba pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. La mkono lina mawimbi madogo. Uliza, wafinyanzi wanajibu bila kuficha. Mwanamama mmoja alinionyesha yote mawili kwa pamoja na akaniambia lipi ni lipi kabla sijamaliza swali.

Nisichokipenda ni labu yaliyopakwa vanishi ya kung'aa na maua ya rangi ya dhahabu na nyekundu juu yake. Vanishi inaziba vinyweleo, maji hayapoi tena, na ule weusi wa kumvi, ambao ndio uzuri wote, unafichwa. Hayo ni mapambo ya kabati. Kama rafu imejaa hayo peke yake, ondoka ukatafute mfinyanzi mwenyewe.

Tekat ndiyo iliyonipeleka Kuala Kangsar kwa mara ya kwanza, na hapa nitachukua nafasi.

Tekat ni darizi ya uzi wa dhahabu juu ya mahameli. Perak inajulikana kwayo, na Kuala Kangsar ndiyo ilikuwa karibu na watu wa kasri walioiagiza: sura za mito (vipande vya kufunika ncha za mito ya kulalia), vitambaa vya jukwaa la bwana na bibi harusi, pepeo za mkono, vifuniko vya vyakula, vifuniko vya sanduku la tambuu. Mahameli huwa ya rangi nzito, nyekundu ya damu ya mzee, kijani cha msikiti, buluu ya usiku au nyeusi, ili dhahabu ipate mahali pa kuwaka. Kitambaa kinawambwa kwenye fremu ya mbao iitwayo pemidang. Juu yake fundi anabandika kiini kilichokatwa kwa kadi nene kwa umbo la jani au petali. Halafu uzi wa dhahabu, uliozungushwa kwenye kijiti kiitwacho cuban, unalazwa juu ya kiini kutoka ukingo hadi ukingo, unarudi, unakwenda, unarudi, na kila unapofika ukingoni unashikwa na uzi wa kawaida unaotoka chini. Uzi wa dhahabu wenyewe hauvuki kwenda nyuma. Unabaki juu wote, na kwa sababu kuna kiini chini yake, jani linainuka, unalishika kwa kidole.

Ndiyo maana nasema geuza kitambaa. Nyuma ya tekat ya mkono utaona mishono midogo ya uzi wa kawaida tu, inayofuata mpaka wa kila ua kama mchoro wa kalamu. Ukiona nyuma kumejaa uzi uliosongamana, pamoja na karatasi ya kuimarishia iliyokatwa kando, hiyo ni mashine. Bonyeza na mbele kwa kidole gumba. La mkono ni gumu na lina mgongo. La mashine linabonyea.

Katika banda moja la zawadi nilionyeshwa kitambaa cha mezani nikaambiwa ni tekat ya asili, na bei iliyotajwa ilikuwa ya kazi ya mkono. Nyuma ilikuwa mashine mwanzo hadi mwisho. Nilikirudisha mezani nikasema tu kwamba natafuta ya fremu. Hilo linaniumiza kwa ajili ya wanawake wanaokaa na pemidang wiki nzima kwa ua moja, kwa sababu mgeni akiuziwa hiyo mara moja hatakuja tena kulipa bei ya haki.

Mshonaji niliyeagiza kwake anafanyia kazi barazani kwao. Nilimwamkia Mak Cik, kama wanavyoitwa kina mama wa umri wake, naye akaniita mwanangu kabla hajajua jina langu. Nilimuuliza ua alilokuwa akilishona ni la mti gani.

“Si la mti mmoja, mwanangu,” akanijibu. “Jani nimelitoa huku, ua nimelitoa kule. Nikilishona kama lilivyo bustanini, halitakaa vizuri kwenye mto.”

“Na shina linaanzia wapi, Mak Cik?”

Akanionyesha kona ya chini, mahali nilipodhani ni pambo la ukingo tu. Shina lilianzia hapo, likapanda, likagawanyika, na kila tawi lilijikunja kabla halijagusa jirani yake. Mafundi wa nakshi wa Kimalay, wa mbao na wa nguo, wanalichukua hili kama adabu: mmea uwe na chanzo, ukue kwa utulivu, usimchome mwenzake, na ncha yake irudi ndani badala ya kuelekeza nje kama mkuki. Mtindo wa matawi hayo yanayotambaa unaitwa awan larat. Ukishalijua hilo, utagundua kazi mbovu papo hapo: maua yametawanywa hovyo, hayana shina, hakuna anayejua yametoka wapi.

Wanyama huwaoni kwa urahisi. Uislamu ulipoota mizizi hapa, mafundi waliacha sura za viumbe wakashikamana na mimea, na hata mtindo unaoitwa “bata wanaorudi jioni” umebaki mikunjo tu iliyopangwa mstari. Bila kuambiwa huwezi kudhani kuna bata.

Majina ya nakshi za nguo hizi yananifurahisha kwa sababu ni ya jikoni na uani. Kuna tampuk manggis, kile kikonyo chenye visahani vinne juu ya tunda la mangosteni. Kuna bunga cengkih, ua la karafuu: vipetali vinne vimezunguka kitovu, na nilipoliona kwenye kipande cha songket nililitambua kama ninavyozitambua karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi ya Pemba. Songket ni kazi nyingine, hiyo inafumwa kwa uzi wa dhahabu kwenye kitanda cha mfumi, na jimbo la Terengganu ndilo lenye sifa yake kubwa. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi 2021. Ukitaka songket, nakushauri uifuate huko pwani ya mashariki. Zile nilizoziona Kuala Kangsar zilikuwa nzuri lakini zimeletwa, na unalipa usafiri wake.

Hapa kuna jambo ambalo bado nalitafakari. Mti uliobadilisha uchumi wa nchi nzima umesimama katikati ya Kuala Kangsar. Miche ya mpira ililetwa Malaya 1877, na Hugh Low, mwakilishi wa serikali ya Uingereza huko Perak (Mkazi, au Resident), akapanda mingine hapa; mmoja wa miti ya mpira ya zamani kabisa nchini bado uko karibu na ofisi ya wilaya, umezungushiwa uzio na una kibao. Nenda ukauone, ni mzee na umejaa makovu. Lakini katika kila mto, kila labu na kila ubao nilioutazama, sijaona jani la mpira hata moja. Johor, jimbo jingine, walifanya tofauti: nembo ya dola yao imezungushiwa pilipili manga na gambir (mmea ambao majani yake hutoa dawa ya kutengenezea ngozi), yale mazao yaliyowatajirisha karne ya 19, na huko mmea wa kifalme unazungumzia kilimo na biashara. Perak mpira ulikuja na Waingereza, na nadhani mafundi wa Sayong na Bukit Chandan waliendelea na mwanzi, mpunga na mangosteni kwa sababu hiyo ndiyo mimea waliyoirithi kwa bibi zao. Mimi nimewapenda kwa hilo.

Na ua la kifalme halikuwa pambo siku zote. Kedah, Kelantan na Terengganu zilikuwa zikipeleka Siam, yaani Thailand ya leo, miti midogo ya dhahabu na fedha, bunga mas, kila baada ya miaka mitatu, hadi mkataba wa Waingereza na Siam wa 1909 ulipokomesha desturi hiyo. Matawi, majani na maua vyote vya madini, na uzito wake ulihesabika kisiasa. Nalitaja kwa sababu wauzaji wa zawadi hupenda kusema “maua ya kifalme” kana kwamba ni kitu cha kupendezesha meza tu.

Hilo linanirudisha kwenye ile mifuko ya kuchapwa. Haibiskasi, bunga raya, ni ua la taifa la Malaysia tangu 1960, na petali zake tano zinafungamanishwa na kanuni tano za taifa. Sina neno nalo. Lakini mfuko wenye haibiskasi na maneno “Kuala Kangsar” chini yake unaweza kubadilishwa maneno ukauzwa Melaka au Langkawi asubuhi inayofuata. Kitu cha mji wa kifalme kinapaswa kushindwa kuhama hivyo. Labu la kumvi linashindwa. Kelarai ya rangi tatu inashindwa. Sura ya mto ya Mak Cik inashindwa, kwa sababu anajua ukingo ule ulishonwa hivyo kwa nyumba ipi.

Kama ningekuwa na sauti katika halmashauri ya mji, ningeomba jambo dogo: kando ya barabara ya kupanda Bukit Chandan wapande mianzi na mimea inayoonekana kwenye nakshi, na kila mmoja uwe na kibao kinachoonyesha mchoro wake wa tekat. Mgeni angeona jani na nakshi yake kwa wakati mmoja. Nilipopita, maua mengi ya barabarani yalikuwa yale yale ya miji yote, yamepandwa vizuri na yanatunzwa, ila hayasemi kitu cha mahali hapo.

Sasa mambo ya kivitendo. Treni ya umeme ya ETS ya kaskazini inasimama Kuala Kangsar, na kutoka Ipoh kwa gari ni kama kilomita 50. Nenda asubuhi, Istana Kenangan kwanza, halafu uvuke kwenda Sayong, mwisho tekat. Uliza mapema kama makumbusho yamefunguliwa, maana nyumba ya mbao ya umri ule hufungwa mara kwa mara kwa matengenezo. Bukit Chandan ni mahali pa makaburi ya wafalme na msikiti, kwa hiyo vaa kwa heshima. Ijumaa mchana usipange kununua chochote.

Tekat ya mkono haipatikani papo kwa papo. Kipande changu, ukubwa wa viganja viwili, kiligharimu ringgit 180 na nilikisubiri. Bei hiyo ni ya haki. Ukihesabu mishono, ni nafuu. Usipunguzie bei kazi ya fremu. Kwa labu unaweza kuomba kupunguziwa kidogo ukinunua zaidi ya moja, na muuzaji atakufungia kwa magazeti na nyasi kavu. Libebe mkononi kwenye ndege, usilikabidhi kwa mizigo.

Ukimwagiza mshonaji, mwambie mambo matatu: rangi ya mahameli, wapi kitakaa, na nani atakitumia. Mak Cik aliniuliza hilo la tatu kabla ya mengine yote. Nilipomwambia ni cha sanduku la tambuu la mama mkwe wangu, alipunguza maua ya katikati akaongeza majani ya mtambuu ukingoni, na hakuniongezea senti.